Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Ugumu wa Kuchomeka Gari la Umeme kwenye Vituo vya Umma

Kituo cha mafuta humzoesha dereva jambo moja: bomba likishaingia kwenye tundu la tangi, kazi imekwisha. Kwenye kituo cha kuchajia gari la umeme, kuingiza plagi ni mwanzo tu, kwa sababu baada ya hapo komeo lazima lifunge, gari na chaja vitambuane, malipo yakubaliwe na usalama wa kebo upimwe, ndipo umeme uanze kupita. Takriban kila mkwamo hutokea katika mojawapo ya hatua hizo, na dereva anayeweza kusema ni ipi hupoteza muda mchache kuliko yule anayechomoa na kuchomeka upya kwa kubahatisha.

Kwa nini plagi ya kituo haiingii kabisa kwenye tundu la gari langu?

Jambo la kwanza la kuangalia ni aina ya plagi, maana dunia haijawahi kukubaliana juu ya umbo moja. Kwa mkondo geu, yaani AC, unaotumiwa na chaja za polepole, magari ya Amerika Kaskazini na Japani yamekuwa yakitumia Type 1 yenye pini 5, ilhali Ulaya hutumia Type 2 yenye pini 7. Kwa mkondo mnyoofu, yaani DC, ambao ndio wa chaja za haraka, mfumo wa CCS huongeza pini 2 nene chini ya maumbo hayo mawili, na hivyo kuzaa CCS1 na CCS2 zisizoingiliana. Japani ilileta CHAdeMO mwaka 2010, China ina GB/T yenye plagi moja ya AC na nyingine ya DC, na Tesla iliufungua kwa wengine mwaka 2022 muundo wake unaoitwa NACS, ambao hupitisha mikondo yote miwili katika pini zilezile.

Umoja wa Ulaya uliamua, kwa agizo lake la mwaka 2014, kwamba vituo vya umma viwe na Type 2 na CCS2, na ndiyo maana huko tatizo hili limepungua sana. Mahali ambapo magari yaliyotumika huagizwa kutoka pande mbalimbali za dunia, bado ni tatizo la kila siku. Mtego mkubwa zaidi ni plagi ya AC ya GB/T: ina pini 7 na kwa macho hufanana na Type 2, lakini upande wa kiume na wa kike umegeuzwa, kwa hiyo haiwezi kuingia hata ikisukumwa vipi.

Ikiwa aina ni sahihi na bado plagi inagoma, angalia mfuniko mdogo wa mpira unaoziba pini za chini za CCS, kwani watu wengi hufungua mfuniko wa juu pekee. Angalia pia kama gari limefungwa, kwa sababu magari mengine hutanguliza komeo la tundu milango inapofungwa. Kulazimisha plagi hakujawahi kuwa suluhisho. Pini moja iliyopinda inaweza kuharibu tundu la gari litakalofuata.

Plagi imeingia vizuri, lakini umeme hauanzi. Tatizo liko wapi?

Hakikisha kwanza kwamba imeingia hadi mwisho, kwa maana kasoro ya milimita chache inatosha kuzuia kila kitu. Kebo za chaja za haraka ni nzito na huivuta plagi kuelekea chini, hivyo pini za juu hukosa mguso mzuri ingawa kwa macho plagi imekaa sawa. Shika mpini, usukume moja kwa moja bila kuupinda, uuinue kidogo kufidia uzito wa kebo, na uushikilie hivyo mpaka usikie komeo likifunga na chaja ikianza kazi. Kisha uachie mkono taratibu. Ikiwa umeme unakatika kila unapoachia, iache chaja hiyo, kwa sababu mguso hafifu hupasha moto.

Plagi za Type 1 na CCS1 zina komeo la plastiki juu yake, lililounganishwa na swichi ndogo. Komeo hilo likivunjika, na huvunjika mara nyingi kwa sababu plagi huangushwa chini, gari hudhani kwamba mtu bado amebonyeza kitufe cha kuchomolea na hukataa kupokea umeme. Hapo gari halina hitilafu yoyote, wala dereva hana kosa.

Baada ya hatua ya komeo huja mazungumzo. Katika Type 1, Type 2 na CCS, pini moja ndogo hubeba ishara ya volti 12. Plagi ikichomekwa, gari huishusha hadi volti 9, na likiwa tayari kuchajiwa huishusha tena hadi volti 6. Kwenye chaja ya AC, umeme hauruhusiwi kupita kabla ya ngazi hiyo ya mwisho kuonekana. Kwa hiyo, skrini inaposema kwamba gari limeunganishwa lakini halichaji, mara nyingi ni gari linalosubiri. Pengine limepangiwa saa ya kuanza kuchaji usiku, mpangilio uliowekwa kwa ajili ya nyumbani na kusahauliwa. Pengine kikomo cha chaji kimeshafikiwa. Pengine gia haijawekwa kwenye P. Sababu inayosahaulika zaidi ya zote ni betri ndogo ya volti 12. Betri hiyo ikidhoofika, gari hukosa nguvu ya kusogeza komeo na kufunga swichi kubwa za betri kuu, hata kama betri kuu ina chaji ya kutosha.

Kwenye chaja ya DC mazungumzo ni marefu zaidi. CCS hupitisha data juu ya pini ileile ya ishara, ilhali CHAdeMO na GB/T hutumia nyaya za mawasiliano za CAN. Pande zote mbili hutajiana volti na ampea zinazokubalika, kisha chaja huipima kebo kuona kama kuna umeme unaovuja. Utasikia milio ya swichi zikifunga na kufunguka, na skrini inaweza kukaa kimya kwa muda unaomtia mtu wasiwasi. Usichomoe wakati huo. Ikiwa jaribio limefeli waziwazi, funga zoezi kwenye skrini au kwenye programu ya simu, chomoa, funga milango ya gari, subiri dakika moja au mbili ili kompyuta za pande zote mbili zianze upya, kisha jaribu tena. Mara mbili kwenye chaja moja zinatosha. Kinachofuata ni kuhamia chaja ya jirani, wala si kurudia kwa hasira.

Nichomeke kwanza au nilipe kwanza?

Mpangilio hutofautiana, na kwa bahati mbaya maelezo kwenye skrini mara nyingi huandikwa kwa ufupi usiosaidia. Chaja nyingi hutaka plagi itangulie na malipo yafuate. Nyingine hutaka kadi kwanza, kisha hutoa muda mfupi wa kuchomeka kabla ya kufuta ruhusa. Anayelipa halafu akatumia muda huo kunyoosha kebo huonyeshwa ujumbe wa hitilafu ambao kwa kweli ni wa kuchelewa tu. Inasaidia kutoa kebo, kufungua mfuniko wa tundu na kuweka simu tayari kabla ya kugusa chochote kwenye skrini.

Baadhi ya magari hujitambulisha yenyewe kwa cheti cha kidijitali kilichomo ndani yake, kwa kufuata kiwango cha ISO 15118, na hapo kuchomeka peke yake kunatosha. Panapohitajika programu ya simu, kumbuka kwamba maegesho ya chini ya ardhi mara nyingi hayana mtandao. Kadi ya kugusa ya kampuni ya kuchaji, ile isiyotegemea simu, ni akiba nzuri. Sheria nazo zinasogea: Umoja wa Ulaya umetaka, tangu tarehe 13 Aprili 2024, chaja mpya za umma za kilowati 50 na zaidi zikubali kadi za kawaida za benki.

Kebo haifiki kwenye tundu la gari. Je, ni mimi niliyeegesha vibaya?

Si lazima. Mwaka 2022 watafiti walikagua chaja za haraka za umma katika eneo la ghuba ya San Francisco, jumla ya plagi 657 za CCS, na wakakuta asilimia 72.5 tu ndizo zilizokuwa zinafanya kazi. Katika asilimia 4.9, kasoro iliyoandikwa ilikuwa kebo fupi isiyofika kwenye tundu la gari. Huo ni uamuzi wa mchora ramani ya kituo, na dereva hana namna ya kuurekebisha.

Chanzo chake ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana mahali pa kuweka tundu. Nissan Leaf ya vizazi viwili vya mwanzo hulibeba puani, Tesla nyuma kushoto, Volkswagen ID.4 na Hyundai Ioniq 5 nyuma kulia, na Porsche Taycan ina matundu kwenye mabawa yote mawili ya mbele. Chaja iliyojengwa kwa kufikiria gari la aina moja itakuwa na kebo inayolifikia gari hilo na kuyanyima mengine. Hali hii imeonekana hasa baada ya vituo vya Tesla kufunguliwa kwa magari ya kampuni nyingine, kwa kuwa kebo zake fupi zilipimwa kwa tundu la nyuma kushoto, na gari lenye tundu upande mwingine hulazimika kutumia chaja ya nafasi ya jirani na hivyo kuziba nafasi mbili.

Kabla ya kuegesha, tazama kebo inaning’inia upande gani kisha amua kama utaingia kwa mbele au kwa kurudi nyuma. Ukisogeza gari karibu na chaja, acha nafasi ya mtu kupita. Kebo iliyovutwa mpaka ikakaza si ya kutegemewa hata ikiwa imefika, kwa sababu huipinda plagi na kurudisha tatizo la mguso lililoelezwa juu. Kebo za kurefushia hazipaswi kutumika kabisa kwenye chaja za DC.

Kwa nini plagi za chaja za haraka ni nzito na ngumu kiasi hiki?

Ampea nyingi zinahitaji shaba nyingi. Kebo inayobeba mamia ya ampea bila kupozwa ingekuwa nene kupita kiasi, ndiyo maana zile zenye nguvu kubwa, zinazoweza kufikia ampea 500, hupitisha kimiminika cha kupoza ndani yake. Hata hivyo bado ni nzito, na wakati wa baridi hukakamaa. Shika mpini kwa mikono miwili, beba uzito wa kebo kwa nyonga au paja badala ya kiwiko, na uilainishe mikunjo kabla ya kuielekeza kwenye gari.

Ushauri huo haumsaidii kila mtu. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, mwenye yabisi ya mikono au mwenye nguvu ya mkono mmoja tu, kituo kinaweza kuwa kimefungwa kabisa: ukingo wa njia uko juu, nguzo za kukinga chaja zimebanana, skrini iko usawa wa mtu aliyesimama, na nafasi ya maegesho haina upana wa kufungua mlango na kugeuka. Uingereza ilichapisha mwaka 2022 kiwango kiitwacho PAS 1899, kinachoeleza vipimo vya kituo kinachofikika, ikiwemo urefu wa skrini, nafasi ya kuzunguka na nguvu inayohitajika kushika kebo. Ni kiwango cha hiari, na kwa maoni yetu hapo ndipo udhaifu wake ulipo, kwani wajenzi wengi hufikiria kwanza idadi ya chaja zinazoweza kubanwa katika eneo moja.

Plagi imekwama na haitoki. Nifanye nini bila kuivunja?

Jua kwanza nani ameshika kufuli. Katika CCS2 na Type 2, komeo liko ndani ya tundu la gari, kwa hiyo ni gari linalopaswa kulegeza. Katika CHAdeMO, kufuli liko kwenye plagi yenyewe na huongozwa na chaja, kwa hiyo mwito wa simu kwa mwendeshaji wa kituo ndio wenye maana. Na ikiwa kebo ni yako na imekwama kwenye soketi ya kituo, anayeishikilia ni kituo, ambacho kwa kawaida hakiachii mpaka zoezi lifungwe kwa kadi au programu ileile iliyolianzisha.

Kwa gari, utaratibu ni huu: simamisha chaji, hakikisha skrini inasema imesimama, kisha fungua milango kwa funguo hata kama tayari iko wazi, kwa sababu magari mengi huliachia komeo kwa amri ya kufungua pekee. Sukuma plagi ndani kidogo ndipo uivute. Komeo lililobanwa na uzito wa kebo halirudi nyuma mpaka uzito huo uondolewe, na watu wawili, mmoja akiinua kebo na mwingine akibonyeza funguo, hufaulu pale mmoja anaposhindwa. Magari mengi yana pia kamba au kishikizo cha dharura cha kuvuta komeo kwa mkono, mara nyingi nyuma ya ukuta wa ndani wa buti au chini ya boneti. Mahali pake pameandikwa kwenye kitabu cha gari, na ni vyema kupasoma kabla ya siku ya shida. Kishikizo hicho kisivutwe kamwe wakati umeme bado unapita.

Kituo kina soketi tu, hakina kebo. Je, kimeibiwa?

Huenda ndivyo, kwani wezi wa shaba hukata kebo, lakini katika kesi hiyo utaona kisiki kilichobaki. Soketi safi yenye mfuniko humaanisha kwamba kituo ni cha AC na dereva huja na kebo yake. Kebo hiyo ina kikinza umeme kidogo ndani ya plagi kinachoiambia chaja uwezo wake: omu 220 humaanisha ampea 32, na omu 680 humaanisha ampea 20. Kebo dhaifu itapunguza kasi hata kama gari na kituo vina uwezo mkubwa zaidi. Chomeka upande wa gari na upande wa kituo mpaka mwisho, kwa kuwa upande mmoja uliolegea hufanya pande zote mbili zinyamaze.

Je, adapta inaweza kumaliza tatizo la aina za plagi?

Wakati mwingine. Adapta ya AC kati ya Type 1 na Type 2 ni kifaa rahisi, maana lugha ya ishara ni moja. Kati ya CCS1 na NACS pia mazungumzo ya DC ni ya aina moja, hivyo adapta iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa gari hufanya kazi yake vizuri, mradi kituo chenyewe kinazungumza lugha hiyo. Kutoka CCS2 kwenda GB/T au CHAdeMO mambo hubadilika: adapta lazima iwe na kompyuta ndani ya kutafsiri kutoka lugha moja kwenda nyingine, na kila kituo kinapobadilishiwa programu, tafsiri hiyo inaweza kukatika. Adapta isiyo na kufuli wala kipimo cha joto, ikipitishiwa mamia ya ampea, ni hatari ya moto. Waendeshaji wengine huzikataza kabisa.

Ni salama kuchomeka wakati wa mvua au barafu?

Mvua si tatizo. Pini za umeme hazina umeme wowote mpaka ukaguzi wote ukamilike, pini ya ardhi hugusa kabla ya nyingine, na pini ya ishara, ambayo ni fupi, huachana kwanza plagi inapovutwa, hivyo umeme hukatwa mara moja. Plagi iliyolala ndani ya dimbwi isitumike.

Barafu husumbua zaidi kwa kuganda juu ya komeo. Gari lipashwe joto kwa ndani au tundu lipulizwe hewa yenye uvuguvugu. Maji ya moto huganda upya ndani ya tundu na kuongeza tatizo.

Nimefanikiwa kuchomeka, lakini kasi ni ndogo. Je, plagi ina kasoro?

Mara nyingi hapana. Kwenye AC, kikomo ni chaja iliyomo ndani ya gari: gari lenye uwezo wa kilowati 7.4 halitazidi hapo hata kwenye kituo cha kilowati 22. Kwenye DC, betri baridi au iliyovuka asilimia 80 hupunguza mkondo kwa makusudi. Hata hivyo, plagi ina kipimajoto chake, na ikipata moto isivyo kawaida kituo hushusha ampea. Kasi inayoanza juu kisha ikaanguka ghafla, huku mpini ukiwa wa moto mkononi, ni dalili ya pini zilizochakaa.

Nitajuaje kwamba chaja ni mbovu kabla ya kuchomeka?

Tazama ndani ya plagi. Plastiki iliyoyeyuka au kuwa ya kahawia kuzunguka pini, pini iliyorudi ndani, mchanga, au komeo lililokatika ni sababu tosha ya kuiacha. Tazama pia kitufe chekundu cha dharura: mtu akikibonyeza, chaja nyingi hubaki zimezimwa mpaka zirejeshwe na mwendeshaji, na skrini inaweza kuonyesha ujumbe usiotaja kitufe hicho hata kidogo.

Nikiripoti hitilafu, nitaje nini?

Taja namba ya chaja na ya plagi iliyobandikwa kwenye mashine, saa, aina ya gari, maneno kamili yaliyokuwa kwenye skrini, na hatua iliyokwama: kuingia, kufunga, kutambuana, kulipa, au kupimwa. Mwendeshaji anaweza kuiwasha upya chaja akiwa mbali, na hitilafu nyingi za kutambuana hutoweka kwa njia hiyo dereva akiwa bado pale. Piga picha ya komeo lililovunjika, kwa kuwa kasoro za plastiki hazionekani kwenye kumbukumbu za kompyuta, na chaja yenye plagi isiyofunga inaweza kuendelea kuhesabiwa kuwa nzima.

Hesabu hiyo ina uzito wa kisheria. Kanuni za mwaka 2023 nchini Uingereza zinataka mitandao ya chaja za haraka itegemeke kwa asilimia 99 kwa mwaka na iwe na simu ya msaada ya bure kwa saa 24, na nchini Marekani chaja zilizojengwa kwa fedha za mpango wa taifa wa NEVI zinatakiwa kuwa kazini kwa zaidi ya asilimia 97 ya muda. Mwendeshaji akikuambia kwamba kwenye mfumo wake chaja inaonekana nzima, mwombe aiandike taarifa yako kama hitilafu ya plagi na akupe namba ya kumbukumbu.